Sabuni ya Mwezi wa Mfungo

Harufu ya mawese yakipata moto hunirudisha uani kwetu Kariakoo, kwenye jiko la mkaa na mama yangu akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu. Alipika sabuni ya kufulia, na mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni. Mafuta ya nazi aliyapima kwa debe. Kostiki, ile soda kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, kwa kopo. Sabuni ikishaganda aliigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma, haitoki uani.

Nilikuwa darasa la pili Ramadhani ilipoingia na nazi zote sokoni zikaishia kwenye futari. Mama akanunua mawese. Debe lile lile, kopo lile lile. Ila hakuonja, alikuwa amefunga.

Siku chache baadaye Mama Nisha, jirani yetu Mhindi wa ghorofani, alishuka mikono ameificha ndani ya sari. Alikuwa mteja wetu tangu sijazaliwa. Alipoitoa hiyo mikono, ilikuwa imewiva kama nyanya.

"Mama Sabuni, sikugombezi," alisema taratibu. "Lakini safari hii umetupikia pilipili?"

Mama alimpa pole mpaka akaishiwa maneno. Jirani alipoondoka, akaifudikiza sufuria. "Basi. Sipiki tena."

Nililia. Nilijiuliza sasa watu watamwita nani.

Dada Salma, aliyekuwa kidato cha tatu, alirudi kutoka shule, akasikiliza yote mkoba ukiwa bado begani.

"Mama, mawese si nazi."

"Mafuta ni mafuta."

Akanigeukia mimi. "Zuhura, kilo ya dagaa na kilo ya vibua, wapi kuna samaki wengi?"

"Kwenye dagaa, ni wadogo!"

"Na kila samaki akitaka ndimu tatu?"

"Dagaa watamaliza ndimu zote!"

"Haya. Nazi ndiyo dagaa. Chembe zake nyepesi, kwa hiyo kilo moja ina chembe nyingi, na kila chembe inakula chembe tatu za kostiki. Mawese ni vibua. Mama kawapa ndimu za dagaa, zimebaki. Hizo zilizobaki ndizo zinazochoma."

"Na wewe na samaki wako, wenzio tumefunga!" mama alisema, lakini tayari alikuwa anaiinua sufuria.

Kesho yake, Jumamosi, Salma alipiga hesabu kwa chaki sakafuni: kostiki iliyozidi ni kiasi gani, na inataka mawese kiasi gani. Tuliazima mizani kwa muuza viungo, tukaikwangua sabuni yote, tukaiyeyusha upya. Mama alitaka kuongeza mafuta kidogo "ya mkono", bila kupima. Salma akalifunika debe.

Adhana ya magharibi ilipolia, mama alikula tende, akanywa maji, akakiendea kipande kilichopoa. Akatoa ulimi.

"Hakichomi, kimepoa kama tui," alisema. Akajitanda khanga, akampelekea Mama Nisha kabla ya kugusa uji.

Tangu siku hiyo ukutani yalining'inia makopo mawili, moja limeandikwa *Dagaa*, jingine dogo zaidi, *Kibua*. Wageni walidhani tunauza samaki.

Kwa miaka mingi niliamini dada alimshinda mama. Siku hizi napika sabuni mwenyewe, na najua mkono wa mama haukukosea: ulikuwa umeijua nazi tu. Hesabu ya Salma iliyajua hata mafuta ambayo mkono haujawahi kuyagusa. Mimi napima kwa mizani. Kisha naonja.