Salamu ya Kukhu Bwawani

Harufu ya turubai lililolowa, lile la kuanikia mahindi, hunirudisha kwa mjomba Ndalu, na niseme ukweli, sipendi kurudi huko.

Nilikuwa mdogo, mtoto wa Bungoma mjini aliyeletwa shamba wakati wa likizo. Nekesa, binti ya mjomba, alinizidi umri, na akili yake haikujua kutulia. Mjomba alikuwa na mashua ndogo ya kukagulia nyavu bwawani. Nekesa akaisimamishia mlingoti, akashona turubai kuukuu likawa tanga, na chini ya tanga akafunga mti mrefu wa mkaratusi. Upepo ukitusukuma kutoka nyuma, tanga lilifunguka upande mmoja kama mlango. Hatari ilikuwa ule mti. Upepo ukigeuka kidogo tu, ungeruka upande wa pili ukifagia vichwa. Kwa hiyo aliufunga kamba, akaipitisha kwenye pua ya mashua, ncha akanishikisha mimi.

"Wee, hiyo kamba usiiachilie," aliniambia, "hata akuje nani."

Akaja Kukhu, nyanya yetu. Alisimama ukingoni akatuita: "Mulembe!" Kwetu mtoto hajibu salamu ya mkubwa akiwa ameketi, tena mikono ina shughuli. Nilishawahi kuchapwa kwa kosa hilo. Nikaachilia kamba, nikasimama wima, nikajibu kwa heshima zote.

Turubai likapiga kofi. Nekesa alinirukia, akanisukuma kifudifudi kwenye maji machafu yaliyotuama ndani ya mashua. Niliinuka nikilia kwa hasira, gauni limeharibika, nikamwona ameshika sikio lake la kushoto. Nilidhani amejigonga akinionea. Moyoni nikasema, malipo ni hapa hapa duniani.

Tulipofika ukingoni nilikuwa wa kwanza kufungua mdomo: Nekesa amenisukuma. Kukhu alinipangusa uso. "Huyu ndiye mtoto ana adabu," alisema, kisha akamgombeza mwenzangu. Nekesa alikuwa bado ameshika sikio, damu ikimpenya vidoleni. Daktari wa Kitale alisema sikio hilo halitasikia tena.

Mpaka leo ukizungumza naye hukugeuzia upande wa kulia, na mimi huona aibu kila mara. Lakini kwa miaka mingi niliona aibu ya kamba peke yake. Ilibidi niwe mama, nimvute mwanangu kwa nguvu mbele ya bodaboda, naye anililie kwamba namuumiza, ndipo nikaelewa. Nekesa alikuwa ameketi chini. Mti ungempita juu ya kichwa. Aliinuka kwa ajili yangu, nami nikamshtaki.