Aliikimbia pumu, akaibeba ndani ya kochi

Kabla ya kushika nyundo, fundi anatazama kitambaa chekundu alichokifunga kwenye nguzo nje ya banda lake. Kitambaa kinapepea kuelekea barabarani. Analizunguka kochi la mteja, anasimama upande upepo unakotoka, anavuta barakoa mpaka chini ya macho, kisha anapenyeza bisibisi kwenye mkunjo wa kitambaa kilichochakaa na kuanza kufumua.

Vumbi linatoka. Ni vumbi la miaka mingi ya watu kukaa, kula, kusinzia na kulia juu ya kochi hilohilo. Fundi anarudi nyuma, anaweka mikono kiunoni na kungoja litulie. Ndani ya banda, mkewe, ambaye ndiye mshonaji wa vitambaa vya makochi, amesimamisha cherehani na anamtazama mgongoni. Hamtazami usoni, kwa sababu kwa uzoefu wake mabega ya mumewe hutoa habari mapema kuliko mdomo.

"Yakianza kupanda tu, naacha kila kitu," anasema, huku akigusa mfuko wa aproni. Humo mna pampu ya pumu ya rangi ya bluu, ile ya dharura.

Mteja aliyeketi pembeni anauliza kama hapa ni kwa fundi makochi au chumba cha upasuaji. Mtaa mzima unamwita fundi huyu Daktari, kisa barakoa. Mwenyewe jina halijamkaa vizuri. "Daktari gani anapanga foleni kliniki kila mwezi?" anauliza, na mteja anacheka mpaka anapangusa macho.

Lakini wiki hii kicheko ni kidogo katika banda hili. Miti iliyopandwa kando ya barabara imeanza kufungua maua, na upepo wa kiangazi umeshaanza kujaribu mabati. Msimu kama huu mwaka jana nusura umwondoe fundi duniani. Tabibu anayemhudumia amemwambia bila kuzunguka kwamba akishikwa tena namna ile, itabidi aache ufundi wa makochi. Ana miaka arobaini na sita, na tangu utotoni hajawahi kufanya kazi nyingine.

Fundi hakuzaliwa kwenye joto hili. Alikulia katika mji wa milimani, wenye baridi, mvua za rasharasha na ukungu unaoingia ndani bila kubisha hodi. Nguo zilianikwa siku tatu zikarudi kabatini na unyevu wake. Kuta za chumba alicholala na ndugu zake zilikuwa na madoa meusi ya kuvu, na kila zilipopakwa chokaa, madoa yalirudi palepale.

Baba yake alikuwa fundi makochi, na ndiye aliyemfundisha kazi kwa namna ya mafundi wa zamani, yaani misumari mdomoni. Fundi hujaza misumari midogo kinywani, akaugeuza mmoja kwa ulimi mpaka kichwa chake kitokeze kati ya midomo, akauchukua, akaugonga, huku mkono wa pili ukiendelea kuvuta kitambaa kisilegee. Mtoto hakuruhusiwa kugusa nyundo mpaka aweze kuitoa misumari yote bila kujichoma. "Nilikuwa nafanya mazoezi kwa mbegu za papai," anasema.

Pumu ilimwanza akiwa bado mwanafunzi wa baba yake. Ilikuja na baridi, ikaondoka na jua, kisha miaka ilivyosogea ikawa haiondoki. Kuna miezi alilala ameketi, amejaza mito mgongoni, na mkewe akilala nusu macho karibu yake.

Pumu ni ugonjwa wenye washauri wengi kuliko dawa, na wengi wao hawajawahi kukosa pumzi hata siku moja. Kila aliyemsikia fundi akikoroma kifuani alikuwa na la kusema, na wote waliishia palepale, kwamba ahamie kwenye joto. Aliyewashinda wote kwa bidii alikuwa shemeji yake, dada wa mkewe, anayeishi mji huu wa bondeni. Alipiga simu kila Jumapili kumweleza jinsi hewa ya huku ilivyo kavu, na kwamba pumu ikifika tu inafungasha virago.

Mwishowe waliofungasha virago ni wao. Waliuza vingi, wakagawa vingine. Kitu kimoja tu kilizua ugomvi, nalo ni kochi kubwa la watu watatu ambalo marehemu baba wa fundi alilitengeneza kwa mikono yake, likajazwa sufi na nyasi kavu, springi zake zikafungwa kwa kamba mafundo aliyoyabuni mwenyewe. Mke alitaka libaki. Alisema lina harufu ya chumba kilichofungwa, na lori lilikuwa dogo.

Fundi hakutaka kusikia. Alimweleza mkewe kwamba fundi makochi anayekaribisha wateja kwenye viti vya plastiki atakufa njaa, na kwamba kochi lile ndilo lililomlea. Kikaachwa kitanda. Kochi likapanda lori.

Miezi ya kwanza katika mji huu, anasema, ilikuwa fungate ya pili. Alilala chali. Alipanda ngazi za wateja akiwa amebeba viti viwili bila kupumzika njiani. Alipiga simu milimani kuwatambia ndugu, akawaeleza anavyopumua, na shemeji yake alitembea kifua mbele kana kwamba hewa ile ilikuwa mali yake.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo bado linamuuma. Alikuwa na pampu mbili, ya bluu ya dharura na ya kahawia ya kutumia kila siku ili kifua kisivimbe kimyakimya. Alipoona hakohoi, aliiacha ya kahawia. Ya bluu akaitupa kwenye droo la vifungo. "Nilijiona nimepona. Nani anakunywa dawa ya ugonjwa alioupungia mkono stendi?" anasema.

Mwaka ukazunguka. Miti ya barabarani ikachanua, upepo ukageuka, na vumbi jekundu la viwanja visivyojengwa likaanza kuingia kila tundu. Fundi akaanza kupiga chafya asubuhi. Macho yakamwasha. Akasema ni mafua. Mkewe akasema si mafua, wakabishana, yakaisha kwa fundi kuapa kwamba pumu ya milimani haijui njia ya kuja huku.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Shemeji alikuwa anakuja na wageni, na fundi akaona kochi la sebuleni limelegea upande mmoja. Alilipindua, akajaza misumari mdomoni, akaanza kukaza mikanda ya chini. Madirisha yalikuwa wazi na upepo ulikuwa unaingia. Kila alipogonga, kochi lilitema vumbi usoni kwake.

Mkewe alikuwa chumbani anapiga pasi. Kilichomshtua ni nyundo kunyamaza. Alipotoka alimkuta mumewe amepiga magoti, mikono imeshika ukingo wa kochi, mabega yamepanda mpaka masikioni, na midomo imefungwa.

Kwa nini midomo imefungwa, mtu asiyejua kazi hii anaweza kuuliza. Kwa sababu ilikuwa na misumari. Mtu anayekosa pumzi hufungua kinywa na kuvuta hewa kwa nguvu zake zote, na huyu alijua kwamba akifanya hivyo atavuta na chuma. Kwa hiyo alikuwa amebana, anavuta kwa pua iliyoziba, na uso wake ulikuwa unageuka rangi.

"Nilimwambia tema, akatikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kutema," anasema mkewe. Anaeleza hayo akiwa ameinamia kitambaa mapajani, na sauti yake inashuka. "Nikaingiza vidole mdomoni. Nikaanza kuitoa mmoja mmoja. Ananing'ata bila kutaka, nami natoa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata nilipojifungua."

Alipodhani amemaliza, fundi aliinua kidole kimoja. Alimaanisha bado mmoja. Mkewe akapapasa chini ya ulimi, mashavuni, kwenye fizi. Hakukuwa na kitu. Fundi akainua tena kidole kilekile, macho yamemtoka. Fundi wa namna hii huujua mzigo wa mdomo wake kama mwenye duka anavyolijua duka lake, na alikuwa na hakika msumari mmoja hauonekani. Mkewe akakimbilia droo la vifungo, akalimwaga sakafuni, akapata pampu, akampulizia mara kadhaa. Jirani mwenye gari aliwafikisha hospitali.

Walimwekea hewa ya mashine. Mke aliwaambia wahudumu habari ya msumari, wakampiga picha ya kifua na ya tumbo. Hawakuona chuma popote. Fundi hakuamini. Kwa wiki nzima, kila kilipomchoma kifua, alijua ndio huo unatembea.

Aliporudi kliniki, tabibu hakuwa na haraka naye. Alimweleza kwamba kuhama kunaweza kumpa mtu nafuu, ila nafuu na kupona ni vitu viwili. Mwili wenye mzio ukikaa na hewa mpya muda fulani, huanza kugombana na vya huko pia, iwe maua au vumbi la kiangazi. Kuacha pampu ya kahawia kulimwacha bila ngao. Kisha akamuuliza amekuja na nini kutoka milimani. Fundi, ambaye hapitwi na nafasi ya kulisifia, akamwelezea kochi la baba, sufi yake, nyasi zake, umri wake.

"Tabibu aliweka kalamu chini," anasema fundi. "Akaniambia, 'Kwa hiyo mji wako wote umeuweka sebuleni.'"

Kuvu na wadudu wadogo wa vumbi waliokulia kwenye unyevu wa milimani, alielezwa, wakifa kwenye joto huacha mabaki yao humohumo ndani, na kila anayekaa huyapuliza nje. Kochi lifunguliwe, kilichomo kitupwe.

Hilo ndilo lililochukua karibu mwaka mzima. Fundi alikubali barakoa, akakubali sumaku aliyoishona kwenye mkono wa shati ili ishike misumari badala ya mdomo, ingawa zamani alimaliza seti tatu kwa wiki na sasa anajitahidi apate mbili. Amerudia pampu ya kahawia asubuhi na jioni. Lakini kochi alilifunga kwa nailoni, akalisukuma varandani, na hakutaka liongelewe.

Kulifumua mwenyewe hawezi; makochi ya wateja huyamudu kwa barakoa, lakini hili lina kuvu ya milimani, kifua hakitamruhusu. Kulipeleka kwa fundi mwingine ni fedheha. Kati ya mafundi makochi, ukipeleka kiti chako kwa mwenzako umetangaza umestaafu. Na fundi mwingine, anasema, angeona kila mahali mzee alipokosea, akaenda kusimulia vijiweni. Mkewe alijitolea mara mbili. Yeye hushona tu, hajawahi kufumua kochi maishani mwake. Fundi alikataa mara zote mbili.

Asubuhi hii, mteja yule alipoondoka, upepo ulibadilika ghafla na fundi akakohoa. Mara moja, kisha mfululizo. Mkewe alikuwa ameshafika na pampu kabla hajaitwa. Kikohozi kilipotulia, mke aliirudisha pampu mfukoni. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Baba watoto, mimi sihami tena. Na sitaingiza tena vidole mdomoni mwako kutafuta chuma. Chagua, kochi au mimi."

Fundi alitazama miti ya barabarani iliyochanua. Kisha akampa bisibisi.

Kwa hiyo mchana huu kochi liko uani, limelazwa kifudifudi kwenye turubai. Mke amevaa barakoa mbili na mtandio juu yake. Fundi amesimama mbali, ng'ambo ya uzio, upande upepo unakotoka, anatoa maelekezo kwa mikono. Anza kona. Usikate mafundo, fungua. Polepole hapo. Mtu angedhani anayefanyiwa upasuaji ni yeye, na pengine ni kweli.

Sufi inatoka imegandamana, ya kijivu, yenye madoa meusi yaleyale ya ukuta wa utotoni. Mke anaijaza kwenye magunia na kuyafunga midomo. Fundi ameacha kuelekeza. Machozi yanamtoka na hayafuti, na safari hii si ya mzio.

Mpango wao uko wazi. Mbao za mzee ni ngumu na nzima, zitabaki. Zitafutwa kwa kitambaa kibichi, ziwekwe juani, kisha kochi lijazwe sponji mpya na kuvishwa kitambaa cha zipu kinachovuliwa na kufuliwa kila wiki. Litasimama mbele ya banda, wateja walikalie. Maua yakipukutika fundi akiwa bado anapumua, tabibu amesema watazungumza upya habari ya kazi.

Mke anafika kwenye mikanda ya chini, na ghafla anasimama. Anainama karibu, anachokonoa kwa bisibisi, anavuta. Anakuja mpaka kwenye uzio na kufungua kiganja. Ni msumari mdogo, mpya kuliko wenzake wote, umepinda kichwani kwa pigo lililokosa nguvu.

"Ulikuwa umeshaugonga," anamwambia.

Fundi anautazama. Mwaka mzima ameubeba kifuani msumari ambao haukuwahi kuingia humo. Anaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, na mkewe, kwa mazoea, anapeleka mkono kwenye mfuko wa aproni na kuyatazama mabega yake.

Hayapandi. Anamwacha acheke mpaka amalize.