Makofi ya Mkunga

Mkunga mstaafu anayewafundisha wazee wa Nyegezi bugobogobo, ngoma ya majembe, hahesabu hatua. Hupiga makofi, na hajawahi kukosea. Kila Alhamisi, kwenye ghala la ushirika lililobaki tupu tangu wafanyabiashara binafsi waanze kununua pamba, hufunga raba zake za mitumba, huwapapasa wenzake magoti kwa viganja vipana, kisha huwagawia majembe. Asiyefika hufuatwa: kundi zima huenda kucheza uani kwake.

Ndivyo walivyofika kwa mzee Masele, ambaye tangu amzike mkewe alikuwa hatoki kitandani ila kwa kubembelezwa. Binti yake, Rebeka, alimkalisha barazani, naye akageukia ukuta. Mkunga hakusema pole. Alipanga mstari, akaanza kupiga makofi nje kabisa ya mdundo. Wazee wakakanyagana.

“Mama, leo umekunywa nini?” mmoja akanong'ona. Mkunga akazidisha kukosea.

“Hiyo ni bugobogobo au mnatwanga mihogo?” Ilikuwa sauti ya Masele, kali, ambayo Rebeka hakuwa ameisikia kwa miezi miwili.

“Ndivyo tunavyojua sisi, mzee,” mkunga akajibu, macho chini.

“Hamjui! Lete jembe hapa.”

Rebeka alinyoosha mkono kumshika baba yake asianguke, lakini mkunga alimkataza kwa jicho. Masele akashuka ngazi mwenyewe, akasimama mbele ya mstari.

“Inameni!” akawafokea, na mkunga akainama pamoja na wengine, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.