Mlango Ndani ya Kila Shairi

Kila Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Free Area, Nakuru, mwalimu mmoja mstaafu hutuletea mkebe wa majani chai umejaa vikaratasi. Kila kikaratasi kina neno moja. Unatia mkono, unatoa neno, unakaa unaliandikia shairi. Neno likishatoka halirudi mkebeni, hata ukilia. Sisi wote ni wajane. Mimi shule niliachia darasa la sita.

Neno langu la kwanza lilikuwa Mvua. Nikaandika mlango. La pili lilikuwa Maua. Nikaandika mlango.

"Hata maua yako yana mlango, mathe?" mmoja wetu akanichokoza.

"Yangu yanao."

"Huyu akipata neno Mbingu ataenda kukagua bawaba!"

Tukacheka. Lakini sikufuta kitu.

Mlango wenyewe aliutengeneza mume wangu, kwa mbao za mwerezi, tulipokuwa tukiishi Elburgon naye akifanya kazi kwa mashine ya kupasua mbao. Baridi ya kule iliuvimbisha. Kuufungua ilikuwa lazima uuinue kidogo huku unasukuma na bega. Mgeni angesukuma mpaka achoke. Aliyejua ni mtu wa kuingia kwetu, na aliyeingia kuliko wote ni jirani wa ng'ambo ya ua, mwenzake mume wangu kazini. Chai yangu alikunywa miaka.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, kundi lilipokuja, mlango haukuvunjwa. Uliinuliwa, ukasukumwa na bega. Mimi nilipitia dirisha la nyuma na watoto. Mume wangu hakutoka.

Niliporudi kuona kilichobaki, nyumba ilikuwa majivu, na mlango wangu ulikuwa kwa jirani, mzima, umefunga banda la kuku. Nilipiga ripoti polisi. Nikaambiwa milango hufanana. Ile alama nyeusi chini, jiko langu liliuchoma, hiyo nayo hufanana?

Sasa jirani huyo ni mzee wa kanisa kule Elburgon.

Mwaka huu kanisa hilo la Elburgon liliandaa ibada ya amani, na kikundi chetu kikaalikwa kusoma mashairi. Jumanne kabla ya ibada nilitoa neno Msamaha. Mwalimu alisoma nilichoandika, akahesabu mizani kwa vidole, akavua miwani.

"Mizani iko sawa, mama. Lakini hapo mbele usimwonyeshe mtu kidole."

"Nisipomwonyesha nimeandikia nani?"

"Andikia Mungu."

"Mungu alikuwepo. Hahitaji kuambiwa."

Hakunizuia. Siku ya ibada nilisimama mbele, karatasi nimeishika kwa mikono miwili. Jirani alikaa kiti cha mbele, suti ya kijivu. Nikasoma:

*Mlango wangu mwerezi, umefunga kuku wake,*
*Alikunywa chai yangu, akarudi na wenzake,*
*Mnasema nisamehe, nangojea neno lake,*
*Anasali mbele yetu, mlango ungali kwake.*

Kisha nikainua mkono nikamwonyesha. "Ni huyu. Mzee wenu wa kanisa. Yeye ndiye aliyewafungulia."

Nilitaka kitu kimoja tu, aseme ndiyo. Hata aseme hapana, nijue amenijibu.

Akainuka polepole. Akaja mpaka nilipo, akanikumbatia, maana ibada za amani ndivyo zinavyoendeshwa kwetu, watu hukumbatiana. Alinuka sabuni. Akauchukua mkono wangu, ule niliomwonyesha nao, akauinua juu.

"Mama huyu ana uchungu," akawaambia watu. "Mbele ya kanisa, nimemsamehe."

Wakapiga makofi! Wengine walilia. Pasta akaanzisha wimbo, na wenye simu wakatupiga picha, mimi na yeye, mkono juu.

Njiani kurudi Nakuru hakuna aliyenitania. Mwalimu alisema tu, "Pole, mama." Nikamwambia pole aende akawape kuku.

Jumanne iliyofuata nilitia mkono mkebeni, nikatoa neno Asante. Wenzangu wakaangalia chini. Mwalimu akanyoosha mkono taratibu, mtu anayelinda sheria ya mkebe kuliko kitu chochote, akaniambia, "Hilo lirudishe, mama. Leo chagua lingine."

"Neno halirudi," nikamwambia. Nikavuta kiti, nikaandika mlango.