Dada Aliyejua Shilingi Itashuka

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu kutoka kijijini kwetu Akheri kwamba mama mmoja tuliyefahamiana naye tangu ujana amefariki. Wengi wenu hamkumjua. Alifanya kazi benki kuu, Dar es Salaam, katika kikundi kidogo cha wachumi waliomshauri gavana miaka ile milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa. Gavana ndiye aliyesikika redioni. Yeye na wenzake walibaki ndani, wakipima shilingi ishushwe thamani kiasi gani, na lini.

Krismasi moja ya miaka hiyo alikuja nyumbani, nami nikaalikwa kula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kaka yake mkubwa alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli mjini Arusha. Alikuwa amedunduliza fedha za kununulia mzigo Nairobi, ila alisita: avuke mpaka wa Namanga mara moja, au angoje wakulima walipwe kahawa yao ndipo wateja wapatikane? Tulipomaliza kula akamgeukia dada yake.

"Mdogo wangu, sikuombi hata senti. Niambie tu, niende sasa au ningoje?"

"Kaka, mambo ya ofisini siyasemi nyumbani."

"Mimi ndiye niliyekulipia ada."

"Najua, kaka. Sijasahau." Akaanza kukusanya mabakuli.

Kaka akangoja. Wiki chache baadaye shilingi ikashushwa, na fedha yake ikatosha nusu tu ya mzigo. Duka halikumaliza mwaka. Akarudi kulima migomba, na kwa miaka mingi dada alipomwamkia shikamoo, aliitikia akitazama pembeni.

Niliwahi kumuuliza mama yule kama alijuta. "Kila nikija huku," alijibu. "Lakini fundi baiskeli wa mtaani Sombetini, asiye na dada benki, yeye angeambiwa na nani?"

Sina hakika kwamba mimi ningeweza kumnyima kaka yangu. Tumezoea kumpima gavana kwa riba na bei za sokoni, na ni haki yetu. Tunasahau kuwa uamuzi wake huwa wa haki pale tu unapotufikia sote kwa pamoja. Ukivuja, wenye jamaa hujiokoa, na hasara yao hubebwa na wengine.

Jumamosi tulimzika. Kaka, sasa mzee wa kushikwa mkono, aliomba kusema. "Alininyima neno moja," alisema, "mimi nikamnyima mengi. Mdogo wangu alikuwa na sababu." Akakaa.

Sisi tunaodai uadilifu kwa watumishi wa umma tukumbuke kwamba mara nyingi wanaowajaribu ni sisi, ndugu zao.