Krismasi niliyokataa nyama ya ng'ombe wa Gaspari

Wakuu, heri kwenu popote mlipo. Sikukuu imepita, naona wengi bado mnapiga picha za masahani. Hongereni.

Jana kwenye grupu la ukoo wajukuu zangu waliuliza kwa nini babu yao huwa hali nyama siku ya Krismasi. Mmoja akasema labda mimi ni vegetarian. Nikacheka, sikujibu. Nikaona bora niandike huku, maana huku hamnijui.

Yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Karagwe, upande wa Nyakakika. Kijiji sikitaji.

Nilikuwa kijana bado, ila mgane. Mke wangu alifariki mwaka huo akijifungua, na mtoto hakupona. Nikabaki na nyumba, kibanja cha migomba na kahawa, na ukimya. Aliyewahi kupika chakula cha mtu mmoja baada ya kuzoea kupika cha wawili atanielewa.

Pamoja na hayo nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Mwenyekiti wake alikuwa kaka yangu mkubwa, nitamwita Eliya. Mimi niiteni Yona.

Eliya hakuwa mtu mbaya, hilo nataka lieleweke mapema. Baba yetu alipofariki yeye ndiye alinisomesha mpaka la saba. Alikuwa mtu wa kupenda sifa tu, na cheo kilimkaa kama koti jipya.

Sasa kulikuwa na jirani yangu, Gaspari. Asili yake Burundi, Mkatoliki, alifika kwetu zamani kama kibarua wa kulima vibanja vya watu. Baadaye alipewa kijisehemu pembezoni, karibu na rweya, yaani ile mbuga ya majani tunakochungia. Alikuwa na mke, Bernadeta, na watoto wadogo.

Na ng'ombe mmoja. Huyo ng'ombe alimpata kwa jasho la miaka. Wakati huo alikuwa na ndama mchanga, na maziwa yake ndiyo yaliwalea wale watoto.

Wiki chache kabla ya Krismasi, yule ng'ombe aliingia kwenye kitalu cha miche ya kahawa cha kijiji. Akala, akakanyaga. Hasara ilikuwepo, sikatai.

Lakini uzio wa kitalu ulikuwa umeanguka tangu mvua za mwanzo, na sisi serikali ya kijiji ndio tuliotakiwa kuusimamisha. Kila mtu alijua.

Kikao kikaitwa. Gaspari akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Waheshimiwa, nimekosa," alisema. "Miche nitaiotesha upya yote. Mashimo nitachimba mwenyewe. Naomba tu mniachie ng'ombe, ananyonyesha."

Eliya akamwambia, "Kitalu ni cha kijiji. Kijiji ndicho kimepata hasara, na kijiji ndicho kitafidiwa, kwa nyama ya huyo ng'ombe."

Nikasimama. Nikasema uzio ulikuwa chini, na ng'ombe mwenye ndama hachinjwi kwa kosa kama hili, apewe kazi kama alivyoomba.

Pale nyuma mjumbe mmoja akasema, wala hakupandisha sauti, "Na kama haridhiki, atuonyeshe karatasi za alikozaliwa."

Wakuu, Gaspari aliposikia hivyo alivaa kofia yake akatoka. 

Zikapigwa kura za mikono. Mkono wangu peke yake ulibaki chini. Eliya aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu na ndugu yake, halafu akafunga kikao.

Ikaamuliwa ng'ombe achinjwe kuamkia Krismasi, nyama igawiwe kila kaya. Watu walifurahi, na siwalaumu sana. Miaka ile sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta, nyama ya bure nani ataikataa? Wengi hata hawakujua kikao kilivyokwenda.

Asubuhi ya Krismasi nikielekea kanisani nilipita njia ya kwa Gaspari. Ndama alikuwa amefungwa kwenye mgomba, analia. Anavuta kamba, ananyamaza kidogo, analia tena. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa.

Kanisani sikusikia mahubiri.

Desturi yetu, baada ya ibada ukoo wote unakutana kwa Eliya, kwa sababu mama aliishi pale. Nyasi mpya zimetandikwa sakafuni, zinanukia. Majani ya migomba yanatandazwa katikati, chakula kinamwagwa juu yake, watu wanazunguka kula pamoja. Ukila kwa namna ile huwezi kujificha. Mkono usiofika kwenye chakula unaonekana.

Mwaka huo kulikuwa na mgeni kutoka kata. Eliya alikuwa amevaa suti.

Ndizi zikamwagwa, na nyama juu yake, mchuzi unatiririka. Ikaombwa sala. Mimi nikachukua ndizi za pembeni, zile ambazo mchuzi haukuzifikia.

Eliya akaona. Akachagua mnofu mzuri, akanisogezea mbele yangu.

"Kula, mdogo wangu. Leo sikukuu."

"Ahsante kaka. Hii siwezi."

"Huwezi nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

 Mgeni akaacha kutafuna. Nadhani hakuelewa kitu, masikini.

Mama alikuwa ameketi karibu yangu. Akanishika goti, akaniambia kwa Kinyambo, taratibu, nionje kidogo tu, nisimharibie sikukuu. Akaongeza kwamba tangu mke wangu afe alikuwa anaomba anione nakula na kushiba.

Hapo ndipo pagumu, wakuu. Kumkatalia kaka nilishajiandaa. Kumkatalia mama sikujiandaa.

Nikamwambia, "Mama, nimesikia ndama wake asubuhi."

Akaondoa mkono wake gotini kwangu. 

Eliya akasema, "Basi kama nyama ya kijiji ni uchafu kwako, na nyumba hii ni uchafu kwako."

Nikanawa, nikamuaga mama, nikatoka.

Niliona nisikae bure. Nikakata mkungu mmoja wa ndizi kibanjani kwangu, nikaubeba begani mpaka kwa Gaspari. Nilijiona nafanya jambo. Nilidhani tutakaa, tutakula katogo la ndizi na maharage, sikukuu itakuwa na watu.

Bernadeta alifungua mlango nusu.

"Baba, hizo ndizi rudi nazo," alisema.

Gaspari akaja nyuma yake. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeielewa.

"Wewe ni mtu wa serikali ya kijiji," akaniambia. "Tena mdogo wake mwenyekiti. Wakikuona hapa leo, kesho watasema nimekutuma umkatae ndugu yako. Mimi nina watoto. Nenda tu, waitu."

"Waitu" kwetu ni neno la heshima na upendo. Alinifukuza kwa heshima.

Nikaubeba tena mkungu wangu. Njiani watu walikuwa wanatembeleana na nguo mpya, watoto wanakimbizana. Wananisalimia, "Shikamoo, heri ya Krismasi," halafu wanautazama ule mkungu na kunitazama mimi. Mtu gani anazurura na mkungu wa ndizi siku ya sikukuu?

Nilifika kwangu nikapika maharage. Nikala mlangoni ili nione wapitao.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi. Wapo waliosema msiba umenigusa akili. Wapo waliosema nimehamia dini isiyokula nyama. Kwenye ujumbe hawakunirudisha. Msimu wa kahawa, wale tuliokuwa tunasaidiana kuchuma wakawa na udhuru kila siku.

Yule ndama alikufa. Gaspari na familia yake wakahama, watu wakasema wameelekea Songambele, upande wa Kyerwa. Enzi hizo Kyerwa bado ilikuwa Karagwe. Sikuwaona wakiondoka. Nilipita tu siku moja nikakuta nyumba wazi.

Eliya na mimi hatukusemezana kwa miaka. Kila Krismasi nikapika maharage yangu. Nyama siku nyingine nilikula, hasa niliyojua imetoka kwa nani. Ila siku ile haikupita kooni.

Kila mwaka, kesho yake, mama alikuwa anakuja kunisalimia. Anakaa kidogo, anaangalia chungu, anauliza kama kuni zipo. Yale ya ng'ombe hakuyagusa mpaka tulipomzika, na kaburini mimi na Eliya tulisimama huku na huku kama wageni waliokuja kwa njia tofauti.

Nilioa tena, hao wajukuu walitoka huko. Nashukuru Mungu. Lakini kuna upweke ambao hata nyumba ikijaa haujai.

Vyama vingi vilipoingia, mambo ya uongozi yakageuka, Eliya akaangushwa. Wale waliokuwa wanajaa kwake sikukuu wakahamia kwa mwingine.

Pasaka iliyofuata nikamwona anakuja kibanjani kwangu. Bila suti. Amezeeka ghafla. Akakaa kwenye benchi.

"Mna nini leo?" akauliza.

"Maharage."

"Basi tule."

Tukala. Alipomaliza akanawa, akakausha mikono kwenye suruali, akaniuliza, "Yona, yameisha?"

Nikamjibu, "Yameisha, kaka."

Alilia, wakuu. Kaka yangu ambaye hata kwenye msiba wa mama hakutoa chozi. Na mimi nililia, nilikuwa nimemkosa mno.

Alipoondoka ndipo nikaanza kujiuliza. Yameisha kwa nani? Nimetoa msamaha kwa niaba ya nani? Mwaka huohuo nikaenda Songambele, nikauliza kijiji kwa kijiji. Mzee mmoja aliwakumbuka, akasema walikaa kidogo wakaendelea mbele, hajui wapi.

Eliya naye ameshatangulia. Alikufa tukipendana. Kwa upande wangu nampenda bado.

Funzo nililopata ni hili: kukataa chakula cha dhuluma kunakusafisha mikono wewe, na ni vizuri, lakini aliyedhulumiwa anaweza kulala na njaa vilevile. Siku ile ya kikao nilitakiwa kuwatafuta wajumbe mmoja mmoja kabla hawajanyoosha mikono. Hilo sikulijua, nilidhani kusema ukweli mara moja kunatosha.

Wenzangu mngefanyaje? Mngekula ili kulinda undugu? Karibuni mnikosoe, nimeshazeeka, siumii.

Na kama miongoni mwenu kuna mtoto wa nyumba ile, utaijua stori hii hata bila majina. Inboksi yangu iko wazi. Sina cha kukuomba.

Nataka tu kujua mlifika wapi.