Mjomba Anaijenga Timu ya Mume Wangu Kama Anaandaa Harusi

Admin, nifichie jina, maana nusu ya ukoo wa mume wangu wanausoma ukurasa huu wakiwa kazini. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Tanga, elimu yangu kidato cha nne. Nimeolewa mwaka huu na ninaishi na mume wangu Rosettenville, hapa Johannesburg. Jamani, ndoa ni tamu! Asubuhi nikimwangalia anavyofunga kamba za viatu, chai inachemka mpaka inamwagika. Baba yake marehemu alikuwa Msauzi aliyeishi uhamishoni kwetu, akarudi na mke Mtanzania, kwa hiyo Kiswahili cha mume wangu kimejaa eish za Kisauzi, na mimi kila eish yake inanipendeza.

Mume wangu anacheza besiboli, na ndiye kocha wa klabu yetu ndogo ya mtaani. Nilikuwa siujui mchezo huu. Yeye ni mrushaji. Anarusha mpira, mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma ya mpinzani anachuchumaa mdakaji wetu, kijana wa Kikongo nitakayemwita Olivier. Mume wangu anarusha kwa nguvu kiasi kwamba Olivier peke yake ndiye anayeweza kumdakia. Wanaongea kwa vidole na macho tu. Mwanzoni niliona wivu, kweli tena!

Msimu uliopita tulipigwa na kila timu, wazee wakastaafu. Mume wangu akaiambia kamati tuanze upya: tuchukue vijana wa mtaani, tununue glovu na nyavu za mazoezi, tuvumilie kufungwa kwa muda huku Olivier akiwafundisha wadogo. Kamati nzima ikapiga makofi, ikala pilau, ikaondoka. Baridi ikaingia, mechi zikasimama, na hapo ndipo Mjomba akaanza mambo yake.

Mjomba ni kaka wa mama mkwe wangu na ndiye mwenyekiti wa klabu. Huyu mtu maisha yake yote hapa Johannesburg ameongoza kamati za harusi za Watanzania, hajui kuongoza kitu kingine chochote. Kwake kila kitu ni ukumbi, sare na kelele. Kinachofuata kesho yake, baada ya viti kurudishwa, hakimhusu.

Jumapili alituita kwake Bertrams. Nikamwamkia, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Marahaba, bibi harusi! Kaa, mkwe wangu. Andaa vigelegele. Nimeshusha jina kubwa kutoka Durban!"

Jina lenyewe mimi nimeliona. Ni mpigaji aliyekuwa hodari zamani, sasa goti bovu na tumbo la kutosha. Akipiga mpira inabidi akimbie, na huyu anakimbia kama amebeba kabati mgongoni. Karibu mfuko wote wa klabu umemwishia yeye, na kilichobaki kimekwenda kwenye jezi zenye nyuzi za dhahabu, hema na zulia jekundu la kumtambulishia. Glovu hata moja hakuna.

Mume wangu akauliza polepole, "Na timu yake imemwachia tu, Mjomba?"

"Cha bure utakipata wapi? Nimewapa Olivier."

Mweka hazina wa klabu, aliyekuwa pale na ambaye sijawahi kumsikia akikataa jambo, akaendelea kutafuna sambusa.

"Eish, Mjomba. Sasa nani atanidakia?"

"Mpwa wangu, kudaka nako ni kazi? Hata MC wa harusi yenu angedaka! Watu wanakuja kuona jina. Timu bila jina itajaza hema?"

Nilimtazama yule mzee na mashati yake ya kitenge nikajisemea, kumbe mtu anaweza kuzeeka bila kukomaa. Lakini mume wangu aliinamisha kichwa tu. Baba yake hayupo, na Mjomba huyuhuyu ndiye aliyekwenda Tanga kuleta posa, akambembeleza baba yangu aliyekuwa hataki kabisa kusikia habari za Sauzi. Bila yeye nisingekuwa mke wa mtu huyu. Na harusi yetu, lo, ilikuwa nzuri! Naikumbuka nalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo mume wangu anarushia godoro alilolisimamisha kwenye ukuta wa nyuma. Juzi nikavaa glovu nikachuchumaa, nikamwambia, "Rusha, mpenzi." Akarusha taratibu kama anampa mtoto yai, na bado kiganja kikaniwaka moto. Akaja kukibusu, akasema, "Acha tu, sthandwa, mpenzi wangu. Nitaacha besiboli. Jumapili zote zitakuwa zako." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameenda mbali. Nazitaka Jumapili zake, Mungu anajua, ila sitaki zije hivyo.

Sasa Jumamosi ijayo ndiyo utambulisho. Mjomba amepanga mimi ndiye nimkabidhi lile kabati la Durban jezi yake mbele ya watu, nikiwa nimevaa gauni langu la harusi, kisha nishike maikrofoni nimkaribishe. Jezi ameshanionyesha. Ina namba ya Olivier. Nilipomwambia mume wangu akasema, "Tabasamu tu, mke wangu, usimwaibishe mzee." Nami hasira zimenijaa. Nikisema ukweli kwenye ile maikrofoni, nitakuwa bibi harusi aliyemvunjia heshima mtu aliyemwoza, na mama mkwe hatanisamehe. Nikitabasamu, mume wangu ataacha kitu anachokipenda, na mimi ndiye nitakuwa nimekivisha nyuzi za dhahabu.

Wenye ndoa zenu, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Jezi hiyo nimvishe mgeni, au nishuke nayo zuliani nimpelekee Olivier mwenyewe?